Majivu ya Matawi ya Mwaka Jana

Katika parokia yetu kuna desturi kwamba Dominika iliyo kabla ya Jumatano ya Majivu, Wakristu huyarudisha kanisani matawi yao yaliyobarikiwa siku ya Matawi ya mwaka uliopita. Kwa miezi kumi na zaidi matawi hayo yamekaa majumbani, mengine yamechomekwa juu ya mlango, mengine nyuma ya msalaba wa ukutani. Yamekauka, yamepigwa na moshi wa jikoni, na buibui wamejenga humo. Kazi ya kuyapokea, kuyachoma na kuyachekecha majivu yake nilipewa mimi tangu nilipohamishiwa shule ya kijiji hiki, nacho ndicho kijiji nilichozaliwa. Ni kazi ndogo, ya nusu saa tu. Walakini mwaka 2024 kazi hiyo ilinifunulia jambo juu yangu mwenyewe ambalo sikutaka kuliona, nami nitawasimulieni kama lilivyokuwa.

Kwanza niseme kidogo jinsi mwaka wa Kanisa unavyokwenda huku kwetu Ungoni, kusini mwa Tanzania. Siku nyingi za mwaka huo zilipangwa zamani na Wakristu waliokaa katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Kwao Noeli huja wakati wa baridi na usiku mrefu, na Pasaka huja miti inapochipua. Kwetu sivyo. Majilio huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, mvua za kwanza zinapotunyeshea. Padre yuko altareni na mavazi ya zambarau, na nje nchi yote inaanza kuwa kijani. Noeli hutukuta katika palizi, na wengi huja Misa ya usiku udongo ungali katika kucha zao. Tena, tangu Julai hata Oktoba, katika zile Dominika nyingi za kawaida, padre huvaa kijani juma baada ya juma, na milima yetu wakati huo imekauka au imeungua kwa moto wa nyasi. Mzee mmoja alipata kuniambia kwa mzaha ya kuwa miezi ile hakuna kitu kibichi toka kanisani hata mtoni ila padre. Mwezi wa Novemba ukifika tunawaombea marehemu, tunafyeka makaburi, na macho yetu yako juu, tunatafuta mawingu.

Lakini Kwaresima haikuhitaji kugeuzwa hata kidogo ili itufae. Huja Februari na Machi, ghala zikiwa tupu na mahindi ya shambani hayajawa ya kula. Mababa wa Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, walitaka Wakristu wote waiadhimishe Pasaka siku moja. Na kanuni tunayoifuata yasema kwamba ni Dominika ile inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo Pasaka haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Ikichelewa, majuma ya mwisho ya mfungo hukuta mahindi mabichi na maboga, na watu hufunga bila kuumia sana. Ikiwahi, Kwaresima yote huangukia ndani ya njaa. Mwaka 2024 iliwahi: Majivu yalikuwa tarehe 14 Februari, na Pasaka tarehe 31 Machi.

Sasa nirudi kwa matawi. Baba yetu alifariki mwaka 2021, akatuachia mimi na mdogo wangu shamba la bondeni, lenye unyevu hata wakati wa kiangazi. Baba alikuwa ametuonyesha mpaka kwa mdomo tu. Mimi nilisema kwamba aliuweka upande huu wa mkuyu, mdogo wangu akasema ni upande ule. Maneno tuliyoambiana hayafai kuandikwa hapa. Kwa miaka miwili na zaidi hatukusalimiana, isipokuwa mlangoni pa kanisa, kwa sababu watu walikuwa wakitutazama. Mimi nina mshahara. Yeye ana jembe lake na watoto wanne. Mama alikaa kwangu.

Katika muda huo wote nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya parokia, niliongoza Rozari mwezi wa Oktoba, na kila Dominika nilipokea Komunyo. Nilijiambia ya kuwa mimi sina chuki na mtu, ila nangoja mdogo wangu aanze kusema.

Dominika ile ya kurudisha matawi, tarehe 11 Februari, nilisimama na kikapu karibu na sakristia. Binti wa mdogo wangu, ambaye alikuwa mwanafunzi wa darasa la tatu katika shule yangu, akaja na tawi la nyumba yao. Lilikuwa limesukwa msalaba. Nikalitambua mara moja. Baba yetu alikuwa mtu wa shoto, na aliposuka ukindu fundo lake lilielekea kushoto, kinyume cha watu wote wa kijijini. Sisi wawili alitufundisha tungali wadogo, tumekaa magotini pake, nasi tukajifunza vivyo hivyo kinyume, ijapokuwa hatuna shoto. Tawi langu lilikuwa tayari kikapuni, nalo fundo lake lilielekea kushoto. Nikaliweka la mdogo wangu chini kabisa ya mengine, nisilione.

Jioni nikayachoma yote nyuma ya kanisa. Ukindu uliokauka huwaka upesi sana. Nikayatwanga yaliyobaki, nikayachekecha kwa kitambaa, nikayatia katika kopo la maziwa. Na humo hapakuwa na mtu awezaye kusema haya ni ya nani. Jumatano nilikishika kibakuli karibu na padre. Mdogo wangu akaja katika mstari, akainamisha kichwa, akapakwa. Nami nikapakwa mwisho, kwa kidole kile kile.

Mfungo wangu mwaka ule ulikuwa mkali. Ninyi mwajua ya kuwa siku hizi Kanisa linatudai kufunga chakula siku mbili tu, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tule mlo mmoja wa kushiba na viwili vidogo; na Ijumaa tunaacha nyama. Mimi sikuridhika na hayo. Nikajiwekea kufunga siku zote arobaini, ukizitoa zile Dominika sita, kama wazee wanavyosimulia ya zamani. Nakiri ya kuwa nilipenda pia watu wajue. Ghalani kwangu palikuwa na magunia matatu ya mahindi niliyonunua wakati wa mavuno.

Mama naye alifunga. Tena alifunga kuliko mimi, maana alikula kidogo asubuhi, na jioni akasukuma sahani. Nikamwambia, "Mama, wewe umepita miaka sitini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kufunga kunamwachia mtu aanzapo mwaka wake wa sitini. Hufungwi na neno hili."

Akaniuliza, "Na watoto wa mdogo wako, sheria hiyo inasemaje juu yao?"

Nikamjibu kama mwalimu, kwamba watoto hawamo, kwa sababu mtu huanza kufunga atimizapo miaka 18.

Akasema, "Basi wao wanafunga." Kisha akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Sikumjibu. Nilikasirika, nikatoka nje, nikajifanya natazama kuku.

Ijumaa ya juma la tatu la Kwaresima nilikuwa nikiongoza Njia ya Msalaba pamoja na watoto wa shule. Jua la saa tisa lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi, na vituo vyetu viko nje, vimepandishwa kilimani. Tulipofika kituo cha tatu, pale Yezu anapoanguka mara ya kwanza, tukapiga magoti. Na tulipoinuka, binti yule wa mdogo wangu hakuinuka. Alikaa chini katika majani. Nikamkazia macho, maana nilidhani anacheza. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtoto huyu hajala tangu jana asubuhi."

Nikasoma vituo kumi na kimoja vilivyobaki. Sijui nilisoma nini. Najua tu kwamba nilivisoma vyote, na kwamba mwanamke yule alimbeba mtoto akaenda naye, na mimi, baba yake mkubwa, sikumbeba. Nilikuwa na kitabu mkononi.

Jioni ile nilipima madebe mawili ya mahindi, nikamwambia mama ampelekee mdogo wangu. Mama akakataa. Alisema ya kuwa miguu yake inamwuma, na miguu yangu haina neno. Nikangoja giza liingie, kwa aibu. Nikajitwika debe moja begani, nikaenda; kisha nikarudi kuchukua la pili. Ni mwendo wa robo saa tu, nami sikuwa nimeupita tangu matanga ya baba.

Labda mtatazamia niseme ya kwamba tulikumbatiana. La. Mdogo wangu alisimama mlangoni na taa, akayatazama mahindi, akanitazama mimi. Akasema, "Kaka, haya nayapokea kwa ajili ya watoto. Habari ya shamba ni neno jingine." Nikamwambia nami naliona hivyo. Mkewe akanikaribisha ndani. Nikaketi kwenye kigoda, tukanyamaza wote watatu. Juu ya mlango, mahali pa lile tawi, palikuwa na alama nyeupe ukutani, mahali ambapo moshi haukufika. Nikaaga, nikaondoka. Tangu siku ile mama alianza kula jioni, na watoto wale wakawa wakipita kwangu kila siku watokapo shule.

Mfungo wangu wa siku arobaini sikuumaliza. Nilikula pamoja nao.

Juma la mwisho nilikwenda kuungama. Miaka ile miwili nilikuwa nikiungama kwamba nimesahau sala za asubuhi, kwamba nimewakasirikia wanafunzi, na mengine kama hayo yasiyomwumiza mtu kuyataja. Kumbe nilikuwa nikiwafundisha watoto amri ile ya Kanisa ya kuungama walau mara moja kila mwaka, tena nawachapisha mwendo mtihani wa dini ukikaribia, na mimi mwenyewe sikuwa nimelitaja lile moja. Safari hii nilianza na habari ya bondeni.

Usiku wa Kesha la Pasaka tulikusanyika nje penye moto. Wazee wetu husimulia waliyoambiwa na baba zao, kwamba zamani ibada hiyo ilifanywa Jumamosi asubuhi, na mshumaa wa Pasaka ukawashwa jua likiwa limekwisha kupanda. Mpaka Papa Pius XII alipoanza kuirudisha usiku mwaka 1951. Nawashukuru walioirudisha, maana katika giza mtu hamchagui aliye karibu naye. Moto ulipopitishwa toka mshumaa hata mshumaa, ulinifikia kutoka kwa mwanamke yule yule wa kilimani. Nikageuka kuupitisha, na aliyekuwa akingoja alikuwa mkwe wa mdogo wangu, mzee asiyenipenda hata leo. Alinyosha mshumaa wake, nikauwasha. Mdogo wangu alikuwa mbali, upande wa pili, na mtoto amelala mabegani pake.

Habari ya shamba ilikwenda kwa wazee wa ukoo mwezi wa Agosti, baada ya mavuno. Waliweka mawe manne. Kwa kweli naona walimpa yeye hatua tano au sita zilizokuwa zangu, na yeye husema kwamba walinipa mimi. Tunalilima kila mtu upande wake. Katika mwezi wa Juni alikuwa amekwisha rudisha yale madebe mawili, yamejaa mpaka kumwagika. Nikakataa kuyapokea, akayaacha uani akaenda zake.

Mwaka 2025 Pasaka ilichelewa, ikawa tarehe 20 Aprili, na mahindi mabichi yalikuwa tele. Jumamosi ya kuamkia Matawi tulikwenda mtoni kukata ukindu, mimi na mdogo wangu na yule binti. Yeye alikata, maana ndiye ajuaye kuingia katika miiba ya mkindu bila kuchomwa, nami nikafunga mafungu. Hatukuzungumza mengi. Tulirudi kwa njia ya bondeni, tukapita karibu na yale mawe bila kusimama. Kwake tukaketi kivulini, akaanza kusuka. Binti akamtazama, akajaribu lake, likafumuka, akauliza kwa nini fundo la baba yake linaelekea kushoto, na la wenzake shuleni linaelekea kulia.

"Babu yako ndivyo alivyofunga," akasema mdogo wangu. Akampa lake alimalizie, akachukua jani jingine.