Kuchagua Utakachokikosa

Mshika mawili moja humponyoka. Methali hii tulifundishwa shuleni kama onyo kwa wenye tamaa, na kwa miaka mingi mimi nami niliichukua hivyo hivyo. Lakini ipo kazi inayomlazimu mtu kuisoma upya. Anayepiga picha za michezo hukabiliwa na mambo mengi kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya matayarisho yake ni kuamua mapema lipi limponyoke. Asipoamua yeye, mchezo utamwamulia.

Nilianza kuyafikiri haya mwaka 1998, katika siku tano za kujiandaa kwa kazi yangu ya kwanza ya kupiga picha za mpira kwa ajili ya gazeti. Kabla ya hapo nilikuwa mpigapicha wa harusi na picha za pasipoti hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa ni mwanamke, niliruhusiwa kuingia ndani walikokaa akina mama, mahali ambapo wenzangu wanaume walikomea mlangoni, na hiyo ndiyo iliyonipa riziki. Harusini mpigapicha ana mamlaka yake. Keki ikikatwa upesi mno, unasema, "Rudieni kidogo," na maharusi wanarudia, tena wanatabasamu vizuri kuliko mara ya kwanza. Uwanjani hakuna wa kumwomba arudie. Mfungaji akishafunga, amefunga.

Siku ya Jumatatu mhariri wa michezo wa gazeti moja aliniita. "Dada," alisema, "Jumamosi mpigapicha wetu atakuwa safarini. Nenda Uwanja wa Taifa. Picha ikitoka utalipwa. Isipotoka, basi tutakuwa tumejuana." Uwanja aliousema ndio ule mkongwe ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, jirani na uwanja mkubwa wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007. Mechi yenyewe haikuwa ya watani wa jadi. Ilikuwa ya timu mbili za mkiani mwa ligi, na nadhani ndiyo maana nikapewa mimi.

Jioni ya siku hiyo hiyo alinijia mama mmoja kutoka Magomeni, shangazi wa bibi harusi, akitaka nimpigie picha za harusi Jumamosi ile ile. Malipo aliyoyataja yalitosha kodi ya chumba changu ya mwezi mzima. Nilimwomba anipe usiku mmoja. Sikulala vizuri. Upande mmoja palikuwa na fedha ya uhakika mikononi mwa mtu niliyemfahamu. Upande wa pili palikuwa na neno "ikitoka". Asubuhi nilikwenda kwake Magomeni, nikamwamkia, nikamweleza, nikampeleka kwa mwenzangu, naye mwanamke, ambaye nilijua hatamwaibisha. Aliniangalia kwa mshangao, akasema, "Haya mwanangu, kila mtu na jambo lake." Kwa hiyo, msomaji, jambo la kwanza nililolichagua likose lilikuwa kodi ya chumba.

Siku ya pili nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa amepiga picha za mpira kwa miaka mingi. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Umekuja kuazima lenzi." Alijua. Lenzi yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya milimita 135, ambayo uwanjani humfanya mchezaji wa katikati aonekane kama njiti ya kiberiti. Yeye alikuwa na ya milimita 300. Lakini hakuitoa. Alitaka kwanza nimwambie nitakaa nyuma ya goli lipi. Nikamwuliza kama haiwezekani kuufuata mpira unakokwenda. Akacheka. "Mpira una miguu 44 ya kuukimbiza," akasema, "wewe unayo miwili, tena umebeba mzigo."

Akatoa jarida kuukuu, akanionyesha picha ambayo watu wengi wameiona: Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston aliyelala chali, mkono wa Ali umejikunja kifuani, kinywa kiko wazi. Picha hiyo ilipigwa tarehe 25 Mei 1965 huko Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani. Aliyeipiga, Neil Leifer, alikuwa kijana wa miaka 22. "Sasa tazama katikati ya miguu ya Ali," Mzee akasema. Nikatazama. Upande wa pili wa ulingo kuna mpigapicha mwenye kipara, kamera mkononi, macho juu. Huyo ni Herb Scharfman, mtu mzima katika kazi ile, aliyemzidi Leifer kwa umri na kwa uzoefu. Alichopata yeye ni mgongo wa Ali. Pambano lilikwisha katika raundi ile ile ya kwanza, wala hapakuwa na raundi nyingine ya kumletea upande wake.

"Huyu hakufanya kosa lolote," Mzee akaniambia. "Alikaa upande mmoja, na mwenzake akakaa upande mwingine. Hakuna anayekaa pande zote. Wewe chagua upande wako kwa sababu, kisha usiulilie ule mwingine." Ndipo akanipa lenzi, imefungwa katika taulo.

Siku zilizobaki zilikuwa za hesabu. Mechi ingeanza saa 10 jioni. Mwanzoni jua lingekuwa kali bado, lakini kufikia mwisho wa kipindi cha pili lingekuwa limeshuka, na vivuli vingekuwa virefu. Ili mchezaji anayekimbia asitoke kama moshi, kamera lazima ifunguke na kufunga kwa muda usiozidi 1/500 ya sekunde, na hilo linadai mwanga mwingi. Kwa hiyo nilinunua filamu za nguvu ya 400 ambazo hazihitaji mwanga mwingi kama zile za kawaida za 100. Fedha zangu zilitosha filamu 3. Kila moja ilikuwa na picha 36, jumla picha 108. Mechi ina dakika 90. Ukigawanya, unapata picha moja na ushei kwa kila dakika. Harusini nilizoea kupiga ninapopenda. Sasa kila picha niliyoipiga ilikuwa imeinyang'anya nyingine nafasi.

Tena filamu ina desturi ya kwisha wakati mbaya. Mzee alinifundisha nisiisubiri ifike 36. Ikifika 30 na mpira ukiwa umetoka nje au mchezaji anatibiwa, ibadilishe, hizo 6 zisamehe. Kila usiku nilikaa kitandani nikibadilisha filamu mbovu, taa imezimwa, mpaka vidole vikajua njia vyenyewe bila macho. Sababu ni kwamba macho yanatakiwa yabaki uwanjani.

Mchana nilikwenda kiwanja cha mtaani wanakocheza watoto. Sikuweka filamu kwenye kamera, maana sikuwa nayo ya kuchezea. Siku ya kwanza waliposikia kamera ikilia waliacha mpira wakajipanga mistari miwili, mikono mabegani. Siku ya pili walijipanga wachache. Siku ya tatu walinichoka, wakacheza, nami ndipo nikaanza kujifunza.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo harusini halikunisumbua kamwe. Kamera za aina yangu zilikuwa na kioo ndani, mbele ya filamu, na kioo hicho ndicho kinachokuletea jichoni kile unachokilenga. Ukibonyeza kitufe, kioo huinuka kuipisha nuru iifikie filamu, na kwa muda huo mfupi wewe huoni kitu, giza tupu. Maana yake ni kwamba lile lililoingia kwenye filamu ndilo hasa ambalo jicho lako halikuliona. Ukiuona mguu ukigusa mpira kupitia kamera, ujue umechelewa. Kwa mtu aliyezoea kwenda uwanjani kushangilia, hili ni zito kidogo. Nilikuwa nakwenda kwenye mechi ambayo, nikiifanya kazi yangu vizuri, sitaziona nyakati zake zilizo nzuri.

Basi haikufaa kungoja kuona. Ilibidi kujua mapema. Alhamisi nilikwenda kwenye mazoezi ya timu zote mbili nikiwa na daftari. Niliandika namba, jina, mguu anaoutumia, nani hupiga kona, nani hukimbilia mlingoti wa karibu, kipa yupi hutoka na yupi hubaki mstarini. Mtunza vifaa wa timu moja alinisaidia kwa moyo. Wa pili alidhani nimetumwa na wapinzani, hadi nilipomwonyesha kamera. Majina yalikuwa na kazi nyingine pia: gazeti haliwezi kuchapa picha ya "mchezaji fulani". Picha isiyo na jina, hata iwe nzuri namna gani, mezani kwa mhariri ni karatasi.

Kwa hesabu hizo nikachagua goli la kusini. Ijumaa usiku nikafunga mfuko: kamera, lenzi ya Mzee, filamu, betri za akiba, kitambaa cha kufutia, mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, daftari, na kanga moja ya kukalia. Kanga hiyo haikuwa pambo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mpigapicha wa mpira sharti akae chini kabisa, ili mchezaji aonekane mrefu na nyuma yake kuwe na watu jukwaani badala ya nyasi.

Wakati nampelekea Mzee habari za goli nililolichagua, alinipa neno la mwisho. Aliniuliza ni picha gani ya mwanamichezo wa nchi yetu ninayoikumbuka kuliko zote. Nikataja ya John Stephen Akhwari katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mguu umefungwa bandeji, akiumalizia mbio za marathoni. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameingia zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari alikuwa amegongwa na kuanguka njiani, na kati ya wote waliomaliza yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. "Je, aliyebaki na kamera pale," Mzee akauliza, "alikosa nini?" Nikajibu kwamba labda alikosa chakula cha jioni, au alichelewa kupeleka picha za mshindi. "Basi wewe filimbi ya mwisho isikuinue," akasema.

Jumamosi nilikaa nyuma ya goli la kusini, na bao lilifungwa kaskazini. Lilikuwa moja tu, zikiwa zimebaki dakika chache. Wapigapicha wawili waliokuwa kando yangu waliinuka wakakimbia kuwafuata wafungaji waliokuwa wakikumbatiana mbali kule. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua tangu Alhamisi kwamba sitakimbia, kwa hiyo nilibaki kwenye kanga yangu. Mbele yangu alikuwa kipa wa timu iliyofunga. Alikimbia hatua chache kuwaendea wenzake, akaona ni mbali, akasimama. Kisha akarudi golini kwake, akaukumbatia mlingoti kwa mikono miwili, shavu limeegemea chuma, macho amefumba. Nilibonyeza mara nne. Zote nne ziliniletea giza. Nilikuja kumwona usiku ule katika chumba cha giza cha gazeti, akitokeza polepole kwenye karatasi. Jina lake lilikuwa kwenye daftari langu.

Ilitoka Jumapili, ukurasa wa nyuma. Malipo yalirudisha nauli, filamu, na kilo moja ya sukari niliyompelekea Mzee pamoja na lenzi yake. Kodi ya mwezi ule nililipa kwa kuombaomba muda. Lakini baada ya wiki mbili mhariri aliniita tena, na mara hii hakusema "ikitoka".

Siku hizi vijana wanaokaa nyuma ya magoli wana kamera zisizo na kioo, zinazopiga picha 20 na zaidi kwa sekunde moja bila giza kuingia jichoni, na kabla ya mapumziko picha zao zimeshafika ofisini. Nafurahi kwa niaba yao. Hata hivyo wanaponiuliza wajiandae vipi kwa kazi ya kwanza, bado nawauliza watakaa goli lipi, na wengi bado hawapendi swali hilo.

Miaka kadhaa baadaye nilialikwa kwenye hitima moja Magomeni. Ukutani palikuwa na picha ya harusi: bibi harusi katikati ya shangazi zake, hina mikononi, ameinamisha macho. Niliitambua kazi ya mwenzangu. Ilikuwa picha nzuri, na mimi ningeipiga karibu na dirisha. Niliitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama ninamfahamu bibi harusi. Nikamwambia simfahamu, ila siku ile nilikuwa na kazi mahali pengine.