Mate ya Kusomea
Ugonjwa wa Parkinson haukumzidishia baba mate, ulimsahaulisha kuyameza. Hapa London akawa anaficha udenda kwa leso, hatimaye akaacha kwenda msikitini, yeye aliyezoea safu ya mbele. Daktari akamdunga sindano za sumu ya botulini, chembe tu, katika tezi za mate mbele ya masikio na chini ya taya. Sumu hiyo, iuayo katika chakula cha mkebe kilichoharibika, huzuia mishipa ya fahamu isiziamuru tezi. Leso ikakauka, na kinywa pia: akisoma Kurani, ulimi ulinata. Baada ya miezi 3 nguvu yake iliisha. Nikamuuliza, turudie?

“Turudie, mwanangu, ila kipimo kipunguzwe. Nibakishiwe mate ya kusomea.”