Tutakupigia

Nimekulia Mlolongo, mji uliopata jina kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja mizani kwenye barabara ya Mombasa. Mtoto wa huko anajua malori kabla ya kujua kusoma. FRR zilikuwa herufi zangu za kwanza.

Mzee wangu ni fundi wa bodi. Watu wengi hudhani lori hutoka kiwandani likiwa kamili. Vipande huja kwa meli, huunganishwa Nairobi, Thika au Mombasa, na kinachotoka getini mara nyingi ni kichwa na chesisi tu, mifupa mitupu. Bodi hujengwa kwingine, kwenye yadi kama ile ya Athi River anakofanya kazi Mzee. Tipa ya mchanga, boksi la kubebea mkate, kitanda cha kupakia saruji, yote ni mikono ya watu kama yeye. Chesisi zisipokuja, hana cha kuchomelea.

Mwaka 2017 ziliacha kuja.

Kwa nini? Lori si gari la kuendea harusi. Mtu hulinunua akiwa na kazi ya kubeba, na wengi hulinunua kwa mkopo. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba ilianza kutumika, na benki zikawa na mkono mzito kwa wafanyabiashara wadogo, wale wenye lori moja au mawili. Magari mapya yaliyouzwa Kenya yalikuwa zaidi ya 19,000 mwaka 2015. Mwaka uliofuata hayakufika 14,000. Halafu 2017 tukapiga kura ya urais mara mbili, Agosti na Oktoba, na mwenye pesa akaona heri angoje. Oda zikikauka, kiwanda hupunguza mwendo au husimama kabisa mpaka magari yaliyojaa uwanjani yauzwe. Kwenye hesabu za kampuni hilo ni jambo la busara. Chuma kinaweza kungoja.

Novemba hiyo, baada ya tipa ya mwisho kupakwa rangi, bosi wa yadi aliwaita mafundi wote kumi na tisa chini ya mti. Mzee alitusimulia maneno yake jioni: "Hakuna mtu amefutwa. Tunapumzika kidogo tu. Chesisi zikija, tutakupigia."

Alikuja nyumbani na kinyago chake cha kuchomelea ndani ya karatasi ya nailoni. Hajawahi kukileta nyumbani kabla ya siku hiyo. Mwaitu akakiangalia, akakitundika nyuma ya mlango, hakusema kitu.

Nimefikiria sana juu ya yale maneno, "hakuna mtu amefutwa." Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi akiondolewa kwa sababu kazi imepungua, alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Mzee alikuwa na miaka kumi na mmoja pale. Lakini sheria hiyo ni ya mtu aliyeondolewa, na yeye alikuwa ameambiwa tu angoje. Kumfukuza mtu kuna gharama. Kumwambia "tutakupigia" ni bure.

Basi akangoja. Simu ilikaa dirishani, mahali penye netiwaki. Alienda nayo chooni. Akipata kibarua cha geti au cha madirisha, anamwachia Mwaitu simu na maagizo: wakipiga, sema niko njiani.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuo, nasomea hesabu za bima. HELB ilikuwa inanisaidia, lakini keja na chakula vilitoka kwa Mzee. Januari 2018 nikajaza fomu ya kudefer. Palikuwa na sehemu ya kuandika sababu. Nikaandika neno moja, "fedha", nikapigiwa muhuri, nikapanda matatu kurudi Mlolongo. Kila mtu alinionea huruma. Kijana mwerevu, masomo yamesimamishwa na umaskini.

Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nimefeli kati mbili za kalkulasi. Wala kwamba lekcha zikiendelea mimi nilikuwa nyuma, naandika hadithi kwenye simu. Ile yadi kufungwa kulinipa mlango wa kutokea, nami nikatoka nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu anayesukumwa.

Simu ilipigwa Juni. Waliitwa saba kati ya wale kumi na tisa, na Mzee akiwemo. Alichukua kinyago nyuma ya mlango, akakipangusa vumbi kwa shati lake. Kabla ya kutoka akaniambia, "Sasa hata wewe rudi."

"Nitarudi Septemba, Baba."

Septemba ikawa Januari. Januari ikawa corona. Nikaanza kulipwa kwa kuandika, makala moja moja, na wahariri wengine huniambia maneno yaleyale: tutakupigia.

Aprili 2025 nilisoma kwamba Volvo Group ilipanga kupunguza hadi watu 800 katika viwanda vyake vitatu Marekani, kikiwemo kile cha malori ya Mack kule Pennsylvania. Soko limelegea, wakasema. Iliniuma, lakini nilibaki nikitazama ile idadi. Watu hao walihesabiwa na wakatangazwa. Wale kumi na wawili wa yadi yetu hawajafutwa hadi leo. Bado wanapumzika.

Nilimsomea Mzee habari hiyo. Akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akauliza, kama mtu anayeulizia jirani aliyehama, "Na ile shule yako, bado imesimama?"

Ningeweza kusema Septemba tena.

"Ilishaisha, Baba. Ilikuwa imeisha hata kabla nijaze ile fomu."

Alinyamaza. Akaniambia kwamba tangu lile jua alilorudi kazini amekuwa akiweka kitu kwenye sacco kila mwezi, kitu kidogo, ya karo. Hajawahi kuzigusa hata Mwaitu alipolazwa, kwa sababu alijua siku yoyote naweza kurudi.

"Ungeniambia mapema," akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Hizo pesa ningenunua mashine yangu mwenyewe, niache kungoja simu ya watu."