Nyumba Moja, Majiko Matatu

Mombasa

Ukimuuliza mtu wa Mombasa habari za korona, haanzi na ugonjwa. Anaanza na kivuko cha Likoni. Ijumaa ya Machi 27, 2020, amri ya kutotoka nje usiku ilipangwa kuanza saa moja jioni, na watu waliotoka kazini kisiwani walikuwa wamejaa kivukoni wakisubiri kuvuka warudi makwao. Saa hiyo haijafika, polisi wakawashukia kwa virungu na mabomu ya machozi. Serikali ilijua watu wanatakiwa kuwa nyumbani saa moja. Njia ya kuwafikisha huko haikuwa imefikiriwa. Daraja la kuelea la waenda kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, lilikuja kufunguliwa mwanzoni mwa 2021.

Mji wa Kale ulifungwa Mei 6, 2020, siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Ilikuwa Ramadhani. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, hadi mwanzoni mwa Juni. Idi ilipita watu wakiwa ndani.

Karibu na Fort Jesus nilinunua mahamri na mbaazi kwa bibi mmoja, nikamwamkia, naye akanitambua kwa lafudhi kuwa mtu wa Dar. Nilipomuuliza kama msaada wa chakula ulimfikia alisema ndiyo, uliletwa mlangoni, hakumbuki na nani. Kisha akaongeza jambo ambalo lilinifuata safari nzima.

"Mwanangu, wale waliandika nyumba. Nyumba hii yangu ina majiko matatu. Mimi, mke wa mwanangu, na yule mpangaji wa nyuma. Mfuko ulikuja mmoja."

"Mkaugawaje?"

"Twaugawa vipi? Twapika pamoja, basi. Mpangaji aona haya kula kwetu kila siku."

Nyumba za Mji wa Kale ndivyo zilivyo: ghorofa, ua, ngazi za kificho, watu wa damu na wasio wa damu. Anayepita na karatasi anaona mlango. Njaa iko jikoni. Nikajiambia kila mji nitakaofika nitauliza swali moja tu: mlipogawa, mlihesabu nini?

Nairobi, kwa kupita

Nilikaa muda mfupi, na Nairobi ina hadithi mbili ambazo kila mtu anazo tayari. Ya kwanza ni ya gavana wa wakati huo, Mike Sonko, aliyetangaza Aprili 2020 kwamba vifurushi vyake vya msaada vitakuwa na chupa ndogo za Hennessy, akidai pombe husafisha koo. Watengenezaji wenyewe walikanusha. Ya pili haichekeshi: Aprili 10, 2020, Kibera, watu walikanyagana wakigombea chakula cha msaada, polisi wakatupa mabomu ya machozi. Hapo hakuna kilichohesabiwa, si nyumba, si kichwa. Aliyewahi ndiye aliyepata.

Kilichonivutia zaidi ni Kazi Mtaani, mpango wa serikali kuu uliowapa vijana wa mitaa ya mabanda kazi ya kuzibua mitaro na kufagia vichochoro. Awamu ya pili ujira ulikuwa shilingi 455 kwa siku. Kijana aliyenionyesha mtaro aliouzibua (umeziba tena) alisema fedha iliingia kwenye simu, ikichelewa mara nyingine, lakini ilikuwa yake, wala hakuhitaji kusimama foleni ya unga. Huo ndio msaada ambao mtu aliusimulia kwangu bila kuinamisha macho.

Kampala

Uganda ilifunga kwa ngazi: usafiri wa umma Machi 25, 2020, magari binafsi Machi 30. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo, si abiria. Wauza chakula wa sokoni wakaagizwa walale humohumo sokoni wasije na maambukizi nyumbani, na picha za akina mama wa Nakasero wamelala chini ya vyandarua kando ya mafungu ya nyanya zilienea kote. Mjamzito alitakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais ndipo apande gari kwenda hospitali. Sharti hilo liliondolewa baada ya malalamiko, ila waliokwisha kujifungulia njiani walikwisha kujifungua.

Rais Museveni pia alipiga marufuku wanasiasa kugawa chakula, akisema atakayekusanya watu kwa kisingizio cha msaada atashtakiwa kwa kujaribu kuua. Baada ya habari za Kibera sikuona amri hiyo kuwa ya kijinga. Lakini iliacha mlango mmoja tu wa msaada, na mlango huo ulifunguka polepole.

Ugawaji ulianza Aprili 4, 2020 huko Bwaise, bondeni, mahali ambapo mvua ikinyesha maji huingia vyumbani. Lengo lilikuwa watu milioni 1.5 wa Kampala na wilaya jirani ya Wakiso. Hapa jibu la swali langu lilikuwa wazi: walihesabu vichwa. Kila mtu kilo 6 za unga wa posho, kilo 3 za maharage, na chumvi. Wagonjwa na wanaonyonyesha wakaongezewa kilo 2 za maziwa ya unga na kilo 2 za sukari. Hesabu ya vichwa ina haki yake. Nyumba ya watu sita inapata kilo 36 za unga, na yule mpangaji wa nyuma anapata zake sita bila kumwonea haya mtu. Wanajeshi walibeba magunia, viongozi wa mtaa, wale wanaoitwa LC, wakaonyesha milango.

Tatizo la vichwa ni kwamba lazima kuwe na mtu wa kuvitambua. Mwendesha boda aliyenipeleka Bwaise alikuwa ametoka Mbale mwaka ule ule wa 2020.

"Ssebo, mimi walisema si wa hapa. Nilikuwa nimepanga mwezi mmoja tu. Nani ananijua?"

Mwaka uliofuata nchi ilifungwa tena tangu Juni 18, kwa siku 42, na safari hii serikali ikaacha magunia, ikatuma shilingi 100,000 kwa njia ya simu kwa watu wa mijini waliopoteza riziki: waendesha boda, wahudumu wa baa, makondakta. Sasa kilichohesabiwa hakikuwa kichwa bali kitambulisho cha taifa na namba ya simu vinavyolingana. Kufikia wakati huo mwendesha boda wangu alikuwa anajulikana mtaani, ila laini yake ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kaka yake. Nilimuuliza kama kaka alipata. Akacheka sana, hakujibu.

Kigali, Nyamirambo

Magazeti ya nje yaliipenda Kigali kwa ajili ya roboti tano zilizopelekwa kuwahudumia wagonjwa Mei 2020. Mzee niliyekaa naye barazani Nyamirambo, mtaa wa Waislamu ambako Kiswahili kinasikika tangu enzi za Wajerumani, hajawahi kuziona. Anachokumbuka ni kugongewa mlango.

Rwanda ilifunga nchi nzima usiku wa Machi 21, 2020, mapema kuliko majirani wote, na wiki moja baadaye chakula kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba jijini. Haraka hiyo haikutokana na utajiri. Chini ya wilaya kuna sekta, kisha seli, kisha umudugudu, na chini yake isibo, kaya chache tu zenye kiongozi anayekaa nazo. "Mukubwa wa isibo anajua kama umepika," mzee alisema. "Anaona moshi." Hatimaye mji uliohesabu majiko! Nilitaka kufurahi.

Ila anayeona moshi wako anaona pia mlango wako ukifunguka saa tatu usiku. Waliokamatwa nje baada ya saa za amri, au bila barakoa, walipelekwa viwanjani, wakakesheshwa wakihubiriwa habari za virusi. Na katika mtaa wa Kangondo, wanajeshi walikamatwa mwaka 2020 kwa tuhuma za kuwabaka na kuwaibia wakazi wakati wa doria. Kigali ilifungwa tena Januari 2021, na tena Julai, na mara zote unga ulikuja na doria ilikuja. Mzee hakuona ajabu kwamba mikono ni ileile. Mimi niliona, na kama ningelazimika kuchagua kati ya isibo ya Nyamirambo na chumba cha Bwaise kisichojulikana na mtu, ningechagua isibo, tena kwa manung'uniko.

Dar es Salaam

Kwetu hakukufungwa. Shule zilifungwa Machi 2020, daladala zikaamriwa level siti, yaani hakuna kusimama, kila duka likaweka ndoo ya maji tiririka, nyungu zikafukizwa. Biashara ziliendelea, na kwa hiyo hakuna aliyedai unga. Aprili 29, 2020 idadi ya wagonjwa ilifika 509, ikaachwa hapo. Mama lishe wa Kariakoo aliyepoteza nusu ya wateja hakuwa na mahali pa kupeleka hesabu yake, kwa kuwa rasmi hakuzuiwa kufanya kazi. Orodha yake ilikuwepo: alikuwa amelipa shilingi 20,000 za kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Ilikuwa orodha ya kukusanya.

Niliporudi nilimwendea mwenyekiti wa mtaa wetu, nikamuuliza kesho akiambiwa agawe unga angeanzia wapi. Akanionyesha daftari lake la barua za utambulisho: majina ya wenye nyumba, wapangaji wachache. Akalifunga mwenyewe. Angewaita wanawake wa vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, alisema, wao wanajua nani amelala bila kupika.

"Na vijana wa bodaboda wanaolala wanne chumba kimoja, mwenyekiti? Hawamo kwenye kikoba, wala hawapiki."

"Hao muulize mama lishe anayewakopesha. Analo daftari kubwa kuliko hili."