Watu wa Kuazima

Hadithi njema haimwachi msomaji wake upesi. Kitabu hufungwa na taa huzimwa, lakini watu waliokuwamo hukataa kwenda zao. Msomaji hubaki akijiuliza: Yule aliyefukuzwa kwao alilala wapi usiku ule? Na yule aliyesamehewa, je, naye alisamehe? Kwa sababu hiyo, tangu zamani wanadamu wamependa kuwaazima watu wa hadithi za wengine na kuwatungia visa vipya. Siku hizi vijana huandika visa hivyo hata katika simu zao, na huviita hadithi za mashabiki. Jina ni jipya, bali kazi ni kongwe.

Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, aliyefariki yapata mwaka 814. Watu wa pwani yetu walimpokea kwa jina la Abunuwasi, si kwa mashairi yake bali kwa werevu wa hadithini, na kila msimulizi akamzidishia visa. Sungura na Fisi walitendewa vivyo hivyo. Bibi aliyesimulia kando ya moto alikuwa na uhuru wa kubadili mto, msimu na karamu. Hakuwa na uhuru wa kumsahaulisha Fisi njaa yake bila sababu. Wajukuu wangemkatiza mara moja.

Basi, msomaji, ukitaka kumwandikia kisa mtu uliyemkuta katika kitabu cha mwingine, huna budi kwanza kumjua. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Shuleni tumezoea kuorodhesha sifa: huyu ni mchoyo, yule ni mwoga, yule mwingine ni mwaminifu. Orodha hiyo ina faida yake katika mtihani, nami huifundisha. Walakini orodha ya sifa si mtu, kama vile orodha ya viungo si pilau.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi juu ya Shylock, yule Myahudi wa mchezo wa Shakespeare ambao Julius Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ukatolewa mwaka 1969. Shylock alimkopesha Antonio dukati 3,000 kwa sharti kwamba, asipolipwa kwa wakati, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa mdeni wake. Mbele ya hakimu alishindwa, akapoteza mali, akalazimishwa na kuiacha dini yake. Niliwaambia wanafunzi waandike alivyoupitisha usiku wa siku ile.

Karibu wote walimweka mezani akihesabu fedha zilizosalia. Msichana mmoja tu alimtoa nje. Katika insha yake Shylock alizunguka mjini gizani, akibisha mlango hata mlango, akiuliza kama yuko mtu aliyeona pete. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Binti yake Shylock alikuwa ametoroka na mali ya nyumbani, na pete moja aliitoa kwa kubadilishana na tumbili. Pete ile Shylock alipewa na Lea kabla hajaoa. Habari hii imo mchezoni kwa maneno machache mno. Wengine waliipita, msichana yule alisimama hapo.

Mimi naiona hiyo kuwa njia bora ya kumjua mtu wa hadithi. Tafuta tendo ambalo sifa yake haiwezi kulieleza. Tumemwita Shylock mchoyo. Mbona basi, alipotolewa dukati 6,000 badala ya 3,000, alizikataa? Ratili ya nyama haiuziki sokoni. Mchoyo mtupu angepokea fedha akaenda zake. Ni dhahiri kwamba ndani yake mlikuwamo jambo lenye nguvu kuliko fedha. Antonio alikuwa amemtemea mate na kumwita mbwa. Na juu ya matusi hayo kuliongezwa msiba wa mtoto aliyepotea. Haya hayamfanyi kuwa mwema, maana kisu alikinoa kwa mkono wake. Kumwelewa mtu si kumtakasa. Lakini asiyeyajua haya ataandika kinyago, na kukipa jina la Shylock.

Usidhani kwamba hili ni jambo la vitabu tu. Mwaka 1943, katika mji wa Vienna uliokuwa chini ya utawala wa Hitler, mchezo huu uliigizwa ili Shylock aonekane kiumbe cha kuchukiza na si mtu, wakati ule ule Wayahudi wa Ulaya walipokuwa wakiuawa kwa mamilioni. Mtu aliyekwisha kufanywa neno moja, kumdhulumu huwa kazi nyepesi.

Nami nalijua neno moja kwa uchungu mdogo zaidi. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu mmoja aliandika katika ripoti yangu: mzembe. Baba, aliyekuwa akifanya kazi mbali, aliisoma aliporudi likizo, wala hakusema nami kwa siku mbili. Neno lile halikuwa uongo, maana kweli nilisinzia darasani. Lakini muhula ule mama alikuwa mgonjwa, nami niliamka saa tisa usiku kukama ng'ombe na kuwapikia wadogo zangu uji kabla ya kushika njia. Mwalimu aliona jambo la kweli, akalifanya mwisho wa habari badala ya kulifanya mwanzo wa swali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Huenda ukauliza: Je, mtu wa kuazima hawezi kubadilika? Aweza, kama sisi sote tuwezavyo. Mwoga aweza kusimama imara na mkali aweza kulia. Ila badiliko lataka sababu yenye uzito wa kutosha, na sababu hiyo ni wajibu wako kuitunga. Usiulize tu kama angetenda jambo fulani. Uliza ni nini kingempata hata akalitenda.

Na kama moyo wako wataka mtu mwingine kabisa, mpe jina lake mwenyewe. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko, akili ya upelelezi na rafiki wa kufuatana naye aitwaye Najum. Mambo hayo humkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle. Hata hivyo hakumvika Holmes kanzu. Aliumba mtu wa Unguja, mwenye usemi na mwendo wa kwao.

Kabla ya kushika kalamu, basi, rudi katika kitabu. Msome mtu wako akiwa na yule amchaye, kisha akiwa na yule ampendaye, kisha akiwa peke yake. Pale atakapokushangaza, simama. Usiharakishe kumhukumu, wala kumtetea. Zoea kusimama hivyo mbele ya watu wa karatasi, ambao hawaumii kwa makosa yetu, ili uweze kusimama hivyo mbele ya wenzako wa dawati moja, ambao huumia.