Chupa ya Soave, Mtungi wa Mama

Krismasi moja nilirudi nyumbani Malaba na chupa ya Soave, mvinyo mweupe wa Italia. Nilitaka mama aone nimeendelea. Mjini nilikuwa nimeambiwa kwamba mvinyo huo huafikiana na samaki, basi nikapitia sokoni Busia kununua ngege wa kukaanga.

Mama alionja, akakunja uso. Akala samaki, akaonja tena. "Kumbe ni kama ndimu!" akacheka.

Kisha akanivuta kwenye ajono, pombe ya wimbi ya sisi Wateso. Wazee walikuwa wameuzunguka mtungi kwa mirija mirefu, maji ya moto yakiongezwa. Kando palikuwa na ugali wa wimbi na kunde za karanga. Nilipovuta, uchachu ule ukakata mafuta ya karanga, sawasawa na Soave kwa samaki.

Niliona haya. Ajono ndiyo iliyonilipia karo, nami shuleni nilidai mama anauza mitumba Busia.

"Asante, mama," nikasema.

"Ya samaki?"

"Ya mtungi."

Msomaji, wewe mtungi wa kwenu umeushukuru?