Mgongo Wangu, Baiskeli Yangu na Macho ya Watu



Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu niolewe nikahama Mombasa na kuja kukaa Nakuru. Kwetu Mji wa Kale si jambo la kawaida kumwona mwanamke mzima, tena wa buibui, juu ya baiskeli, nami sikudhani kwamba siku moja ningekuwa huyo. Lakini mji huu umelala kwenye mteremko unaoanzia Menengai hadi ziwani. Nyumba yetu iko juu, na madrasa ninayosomesha iko Bondeni, chini. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa ikila karibu nusu ya kile kidogo nikipatacho. Mume wangu akaninunulia baiskeli ya kike, ile isiyo na chuma cha juu, nami nikavaa suruali pana ndani ya buibui na kuzoea macho ya watu.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, mwili ulianza kulalamika. Kiuno kiliuma tangu asubuhi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vikifa ganzi hata nikashindwa kushika chaki. Kilichonitisha zaidi ni kuwa nilianza kuinuka kutoka sijida kwa kujisukuma na mikono kama bibi kizee, nami sijafika miaka hamsini. Nilijua kwamba nikiacha baiskeli nitaacha na darasa, na wanafunzi wangu wengi ni wasichana ambao wazazi wao wangetaka wasomeshwe na mwanamke.

Tabibu wa viungo alinipandisha juu ya baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda, yenye kiti kipana cha kuegemea mgongo na pedali zilizo mbele badala ya chini. Nilizungusha kwa robo saa nisisikie maumivu. Alinieleza kwamba juu ya baiskeli ya kawaida uzito wa mwili huangukia makalio, viganja na mabega, na ukiegemea, mgongo wote huubeba uzito huo na mikono ikapumzika.

Jioni ile nilimsimulia mpwa wangu aliyeko Uholanzi. Akacheka, akasema, "Khaleti, mbona huku baiskeli hizo ziko barabarani? Mimi ninayo moja imekaa tu." Akaongeza kuwa jamaa zake walikuwa wakijaza kontena la kuja Mombasa, na kama ninaitaka nimjibu kabla ya wiki mbili kwisha.

Nilimwambia mume wangu nitafikiri. Kisha, kama tulivyofundishwa, nilitaka ushauri na nikaswali istikhara. Siku zile nilikuwa na hoja nyingi za kukataa. Mnyororo wake ni mrefu maradufu na zaidi, nani atautengeneza hapa? Miguu ikiinuliwa mbele, buibui litateleza hadi magotini. Mlimani mtu hawezi kusimama juu ya pedali akakanyaga kwa uzito wake. Zote zilikuwa hoja za kweli, na zote zilikuwa na dawa. Fundi anaweza kuunga minyororo miwili. Suruali ninayo tayari. Gia nyepesi hupandisha mlima polepole.

Nilipozimaliza hoja hizo nikaona ile iliyokuwa imejificha nyuma yao. Nilikuwa nikiogopa watu waseme, "Maskini mwalimu, amelemaa."

Nilijionea haya. Tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Nami nilikuwa nikiudhulumu mwili wangu kwa ajili ya macho ya wapita njia. Tena baiskeli hiyo haikuanza kuwa chombo cha wanyonge. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliendesha moja iliyoundwa na Charles Mochet, akakata zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaziondoa mashindanoni.

Basi nikakata shauri kuikubali. Lakini kabla ya kumjibu mpwa wangu nilikwenda kwa jirani mmoja ambaye kwa miaka mingi hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Kila siku nilikuwa nikimsalimu na kupita. Sikuwahi kumwuliza habari ya njia. Nilimweleza niliyonayo moyoni. Akaniuliza, "Hicho kiti kitakuwa juu kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mkono, chini kidogo ya goti. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, watu wataniona nao watanihurumia, hilo nimelizoea. Wasioniona ni madereva."

Alinionyesha kijiti chenye kitambaa chekundu alichokifunga nyuma ya kiti chake, kirefu kuliko kichwa chake, akaniambia kwamba hata hivyo barabara kuu haivuki bila mtu wa kumsindikiza. Nami njia yangu huikata barabara hiyo hiyo ya Nairobi na Eldoret, ambayo malori yatokayo Mombasa huipita usiku na mchana kuelekea Uganda. Nikiwa nimeketi chini namna ile, kichwa changu kingekuwa sawa na gurudumu la lori.

Nilimwandikia mpwa wangu kumshukuru na kumwambia ampe mwingine. Nikaipeleka baiskeli yangu ya zamani kwa fundi. Aliuinua usukani na kuurudisha karibu nami, akaweka kiti kipana chenye springi, akakishusha kidogo. Gharama yake haikufika nauli ya mwezi. Ganzi imeondoka. Kiuno bado huuma siku za baridi, na penye mwinuko mkali wa mwisho nashuka nikaikokota bila kujali nani ananitazama.

Dada zangu, nilikaribia kuikataa baiskeli ile kwa sababu mbaya, kisha nikaikataa kwa sababu njema. Jibu ni moja, lakini moyo haukuwa mmoja. Ikiwa siku moja mgongo utashindwa kabisa, nitakwenda jua kali kuundiwa ya magurudumu matatu, nifunge kitambaa chekundu, na jirani yangu atanifundisha pa kuvukia. Sasa huwa sipiti mlangoni kwake bila kuketi.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya miili na usalama wa njia. Amin.